Aina ya Mnyama

Kamera ya tatu niliifunga mimi
kwenye mkuyu ulioshika mdomo wa pango la maji,
nyuma ya Ukongoroni, pale mwamba unapoanza kukata viatu.
Kila Jumatatu natoa kadi, naweka betri,
narudi nyumbani kuhesabu.

Watu wanadhani kazi hii ni ya maajabu.
Wiki ya kwanza: picha mia nne na kumi na mbili,
mia tatu na tisini ni mbuzi wa Bi Kidawa.
Mbuzi wa mbele. Mbuzi wa ubavu.
Mbuzi anailamba kamera, ulimi umejaa kioo kizima kama godoro.
Zilizobaki: paa nunga, masikio tu;
ngawa mara mbili, anapita kama mwenye deni;
na jani lililotikisika, kamera ikadhani mtu.

Nina fomu yenye safu sita.
Ya nne imeandikwa Aina ya Mnyama.
Hairuhusiwi kuachwa tupu.

Halafu ikaja hii.
Saa tisa na dakika kumi na mbili za usiku,
nusu ya mwili, kichwa kimekatwa na ukingo,
ubavu wenye madoa.

Sikumwonyesha mtu. Nilimwonyesha Vuai tu.
Magharibi, uani kwetu viatu vilijaa kama msikitini.
"Chui," kasema Mcha, naye hajaona chui ila kwenye blanketi.
"Wa kufugwa," akanong'ona mwingine, "wana wenyewe,"
na macho yakaenda kwenye nyumba fulani, yakarudi kabla hayajaulizwa.
"Ndiye anayenilia muhogo," akasema Pandu wa Ussi.
Nikamwambia, chui na muhogo, Pandu?
Akasema, njaa haichagui.
Sheha akaomba simu, akaikuza picha kwa vidole viwili
mpaka chui akawa ukungu, ukungu ukawa matofali.

Usiku ule sikulala.
Niliivuta picha pole pole, si kwenye madoa,
juu kidogo, pale shingo inapotoka nje.
Kuna kitu cha buluu.
Kamba ya nyavu kuukuu, imezungushwa mara tatu,
ikapita chini, ikarudi juu, ncha ikachomwa moto.

Fundo lile nalijua.
Limefunga mlango wetu wa choo, baiskeli yangu,
mizigo ya kuni, ndoo ya kisimani,
na mwaka mmoja mguu wa kitanda cha mama.
Mkono uliolifunga tuliuzika Mfunguo Tano.
Watu walikuja na mchele, wakaja na misahafu,
arubaini ikapita, masufuria yakarudi kwa wenyewe.
Hakuna aliyeuliza: na yule ndama?
Wala mimi.

Asubuhi nikamwendea Pandu kabla hajanywa chai.
"Chui wako ni wetu," nikamwambia.
Akanizungusha kwenye matuta, akahesabu mashina ishirini na mawili,
akasamehe manne, "kwa ajili ya mzee."
Kumi na manane nalipa, kidogo kidogo.
Na bigili, palipobomoka, mawe nayapanga mimi.

Kumkamata kulinichukua siku tatu na debe la pumba.
Alikuwa amenenepa, mwizi yule.
Kamba ilishaanza kumbana; niliikata kwa kisu cha jikoni,
fundo nikalitia mfukoni bila kulifungua.

Jumatatu nikatoa kadi.
Mbuzi, mbuzi, mbuzi.
Halafu, saa kumi alfajiri, mtu:
mgongo umepinda, koti la mvua lililochanika bega,
anatazama chini kama anayetafuta shilingi iliyoanguka.
Nikasema kwa sauti, Baba.
Ndipo nikaona, chini ya koti, pindo la kanga yangu.

Safu ya nne. Kalamu ninayo.
Nje ndama analia, na fundo nililofunga mimi
leo limeshafunguka mara mbili.